Shajara ya mradi wa chaja: kulitafuta shaka la kipimo cha usumbufu wa sumakuumeme

Tarehe 6 Februari

Ripoti ya maabara ya nje imefika, na chaja yetu imeshindwa. Ni chaja ya wati 900 ya betri za pikipiki za umeme, iliyokusudiwa kufungwa katika vituo ambako dereva wa bodaboda huacha betri iliyokwisha na kuondoka na iliyojaa. Maabara ilipima usumbufu unaotoka ndani ya chaja na kurudi kwenye nyaya za umeme wa jengo, kuanzia 150 kHz hadi 30 MHz, ikaulinganisha na vikomo vya Daraja B (vifaa vya mazingira ya makazi) vya CISPR 11, kiwango cha kimataifa cha usumbufu wa redio. Mahali pote tumepita isipokuwa 195 kHz, masafa ambayo ni mara tatu ya 65 kHz, yaani kasi ambayo swichi za chaja huwaka na kuzima. Hapo kigunduzi cha wastani kilisoma 55.1 dBµV (desibeli juu ya mikrovolti moja), na kikomo cha hapo, ambacho hushuka taratibu kutoka 56 kwenye 150 kHz hadi 46 kwenye 500 kHz, ni 53.8. Tumezidi kwa 1.3 dB.

Kinachotusumbua zaidi ni kwamba kabla ya kuipeleka tuliipima wenyewe hapa karakanani, Dar es Salaam, tukapata 52.3. Kwa hesabu yetu tulikuwa na akiba ya desibeli moja na nusu. Tofauti kati ya masomo hayo mawili, yaani namba zilizosomwa kwenye vifaa, ni 2.8 dB, na kwa lugha ya volti maana yake ni kwamba maabara iliona usumbufu mkubwa kuliko tulioona sisi kwa karibu asilimia 38, chaja ikiwa ni ile ile.

Katika kikao cha asubuhi swali la kwanza lililoulizwa lilikuwa nani amekosea. Nimeomba tuliweke kando. Ripoti ya maabara imeandika, chini ya jedwali la matokeo, kwamba shaka la kipimo chao ni 3.1 dB. Sisi hatuna namba ya namna hiyo kwa meza yetu, na mpaka tuipate hatuwezi hata kusema kama masomo hayo mawili yanapingana. Kazi ya wiki zijazo ni kuitafuta namba hiyo. Ubunifu wa chaja hautaguswa kwanza.

Tarehe 9 Februari

Leo nimeandika ukurasa wa maana za maneno, kwa sababu nimegundua tunatumia neno moja kwa mambo mawili. Kosa la kipimo ni umbali kati ya tulichosoma na thamani ya kweli. Ukilijua unalirekebisha na linaisha. Shaka la kipimo ni upana wa eneo ambamo thamani ya kweli inaweza kuwa imekaa baada ya kurekebisha kila tulichokijua. Halirekebishwi, hukadiriwa, kisha likaandikwa pembeni ya jibu. Mwongozo unaofuatwa na maabara duniani, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1993 na unaopatikana leo kama JCGM 100:2008, huligawa kwa jinsi lilivyopatikana: Aina A ni lile linalotokana na kurudia kipimo na kuhesabu mtawanyiko wake, na Aina B ni lile linalotokana na taarifa nyingine yoyote, kama vile cheti cha ugezi (ulinganishaji wa kifaa na kipimo rejea), karatasi ya mtengenezaji au uelewa wa fizikia ya kifaa chenyewe. Aina B si duni kuliko Aina A. Watu wengi, nami zamani nikiwamo, hudhani kwamba kisichorudiwa mara kumi ni kukisia tu.

Mnyororo wetu wa kupimia ni mfupi. Kati ya soketi na chaja kinakaa kisanduku cha LISN, ambacho kazi yake ni kuipa chaja impidensi (upinzani kwa mkondo geu) inayojulikana, 50 Ω sambamba na koili ya 50 µH, ili matokeo yasitegemee umeme wa mtaa gani unatumika. Kisanduku hicho kinachota usumbufu na kuupitisha kwenye kebo ya koaksi hadi kwenye kichanganuzi cha spektra, kinachoonyesha ukubwa wake kwa kila masafa. Jibu ni somo la kichanganuzi, ukijumlisha upotevu wa kebo na kigawanyo cha volti cha LISN. Kila kiungo kati ya hivyo kina shaka lake.

Tarehe 12 Februari

Bajeti ya kwanza ya shaka imekamilika, na imetuaibisha kidogo.

Utaratibu ni huu: kila chanzo huandikwa kwa upana wake, kisha upana huo hugeuzwa kuwa mkengeuko sanifu kwa kugawanya na namba inayolingana na umbo la mgawanyo wake. Cheti cha ugezi kinachotaja k = 2, yaani upana uliokwisha kuzidishwa kwa 2, hugawanywa na 2. Karatasi ya mtengenezaji inayosema tu "ndani ya ±1.5 dB", bila kudokeza kama thamani hupenda kukaa katikati au pembeni, huchukuliwa kuwa mgawanyo wa mstatili na kugawanywa na kipeuo cha pili cha 3. Kisha mikengeuko yote hupigwa kipeo cha pili, hujumlishwa, na kipeuo cha pili cha jumla hiyo ndicho shaka sanifu la pamoja. Likizidishwa kwa 2 tunapata shaka lililopanuliwa, linalofunika takriban asilimia 95.

Usomaji wenyewe, kebo na kigawanyo cha LISN havikutoa kitu cha maana: 0.10, 0.10 na 0.15 dB. Usahihi wa kichanganuzi kwa wimbi la kawaida, kwa ±1.5 dB ya mtengenezaji, umetoa 0.87. Mwitikio wake kwa mapigo umeingia mara mbili, kwa ukubwa wa pigo na kwa kasi ya kurudia kwake, kila kimoja tena 0.87. Vipengele hivi viwili vina historia yake. CISPR, kamati ya kimataifa ya usumbufu wa redio, ilizaliwa miaka ya 1930 wakati redio ikienea majumbani, na aliyekuwa akilindwa ni msikilizaji. Kwa hiyo kigunduzi cha nusu-kilele kiliumbwa kupima jinsi mkwaruzo unavyomkera mtu, si nishati yake tu, na pigo linalorudi mara nyingi huhesabiwa zito kuliko linalopita mara moja moja. Mlinzi wetu, ambaye redio yake ndogo hunguruma kwenye mawimbi ya kati kila tunapowasha chaja, ndiye mtu hasa aliyekuwa akifikiriwa. Kwa somo la wastani kwenye 195 kHz vipengele hivi huenda vinatuonea, lakini nimeviacha, kwa kuwa sina ushahidi wa kuvitoa.

Impidensi ya LISN imetoa 1.08. Kiwango kinaruhusu ukubwa wake uyumbe kwa asilimia 20 na pembe yake kwa nyuzi 11.5, na kwa kuwa hatujui impidensi ya chaja yenyewe, hesabu ya hali mbaya kabisa ni +2.6 na −2.7 dB, ambayo huchukuliwa kuwa mgawanyo wa pembetatu na kugawanywa na kipeuo cha pili cha 6.

Mpaka hapo tulikuwa sawa na maabara nyingi. Aibu ilikuwa kwenye kutolingana kwa impidensi. Wimbi linapofika kwenye kichanganuzi, sehemu yake huakisiwa, hurudi hadi LISN, huakisiwa tena na kuja kujumlishwa au kutolewa kwenye somo kutegemea limefika kwa pembe gani. Nilipofungua mipangilio iliyohifadhiwa nilikuta kwamba mmoja wetu, ambaye pengine ni mimi, aliweka upunguzaji wa ndani wa kichanganuzi kwenye 0 dB ili sakafu ya kelele ishuke na grafu ipendeze. Katika hali hiyo mtengenezaji anakiri uwiano wa wimbi simamizi wa 2, yaani theluthi moja ya wimbi huakisiwa. Upande wa LISN, kwa kuwa chaja inaweza kuonyesha impidensi yoyote, hali mbaya kabisa ni kuakisi kote. Theluthi mara moja ni theluthi: somo linaweza kupanda kwa 2.5 dB au kushuka kwa 3.5. Mgawanyo wa aina hii una umbo la U, maana thamani hukaa pembeni zaidi kuliko katikati, na hugawanywa na kipeuo cha pili cha 2 tu. Tunapata 2.1 dB kutoka chanzo kimoja.

Jumla ya pamoja ni 2.8 dB, na iliyopanuliwa ni 5.6 dB.

Sasa tunaweza kujibu swali la tarehe 6. Shaka letu la 5.6 na la maabara la 3.1, yakiunganishwa kwa vipeo, ni 6.4 dB, tofauti ya masomo ni 2.8. Masomo hayo hayapingani hata kidogo. Akiba yetu ya 1.5 dB, ambayo tuliishangilia mbele ya mteja, haikuwa akiba ya kitu chochote.

Tarehe 14 Februari

Tumefunga kipunguzi cha 10 dB kati ya LISN na kebo. Mawimbi tunayoyataka hupita humo mara moja na kupoteza 10 dB, ambazo tunazirudisha kwa hesabu. Mwakisiko hulazimika kupita mara mbili na kupoteza 20. Theluthi imekuwa sehemu moja ya thelathini. Tukiongeza mwakisiko wa kipunguzi chenyewe, upana umebaki karibu ±0.5 dB na mkengeuko ni 0.35 badala ya 2.1. Ni kipande cha chuma kisichozidi kidole gumba, na ndicho kilichotufaa kuliko kifaa chochote tulichonunua mwaka huu. Pia kinakinga mlango wa kichanganuzi dhidi ya mpigo wa kuwasha chaja. Kwa miezi yote tuliyofanya kazi bila kinga hiyo tumenusurika kwa bahati.

Somo la 195 kHz baada ya kurekebisha: 53.4 dBµV. Limepanda kwa 1.1.

Tarehe 19 Februari

Bajeti mpya inatoa 3.8 dB. Hapa ndipo inapoingia kanuni ya CISPR 16-4-2, ambayo watu huisoma vibaya. Kiwango hicho kinataja, kwa kila aina ya kipimo, shaka la rejea la kifaa cha kupimia. Kwa usumbufu wa kwenye waya kati ya 150 kHz na 30 MHz, toleo la 2003 lilisema 3.6 dB na lile la 2011 likashusha hadi 3.4. Ikiwa shaka la maabara halizidi rejea hiyo, somo hulinganishwa na kikomo moja kwa moja, bila kuongeza wala kupunguza. Ikiwa linazidi, ziada peke yake ndiyo huongezwa kwenye somo. Sisi tuna 3.8, hivyo tungeongeza 0.4 na kulinganisha 53.8 na kikomo cha 53.8: tumesimama juu ya mstari wenyewe.

Kanuni hii haisemi kwamba shaka lililo chini ya 3.4 halipo. Waliopanga vikomo walilihesabia wote kwa pamoja, ili bidhaa moja isipite hapa na kushindwa kule kwa sababu maabara moja inajitilia shaka kuliko nyingine. Ni makubaliano ya haki kati ya maabara. Mhandisi anayetaka kujua kama chaja yake itapita akiipeleka kwingine hapaswi kuyategemea, kwa kuwa kila maabara atakayoiendea inaweza kuwa imekaa upande wowote wa 3.4 hizo.

Kipengele kilichokuwa rahisi kupunguza ni usahihi wa kichanganuzi. Tumekipeleka kwenye maabara ya ugezi, kikapimwa katika masafa tunayoyatumia, na cheti kinasema 0.5 dB kwa k = 2. Badala ya 0.87 ya karatasi ya mtengenezaji sasa tunaandika 0.25. Jumla mpya ya vipeo ni 2.90, shaka sanifu ni 1.70, na lililopanuliwa ni 3.4. Tumeingia kwa unywele, na nimeliandika hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa faili ili asije mtu akajisahau.

Tarehe 24 Februari

Bajeti yote niliyoiandika hadi sasa inahusu vifaa. Haigusi jinsi chaja ilivyowekwa mezani, na CISPR 16-4-2 yenyewe haidai kuigusa. Leo nimelinganisha picha iliyomo kwenye ripoti ya maabara na meza yetu. Picha inaonyesha bamba la chuma lililosimama wima, na chaja ikiwa sentimita 40 mbele yake. Sisi tulikuwa na bamba la alumini sakafuni tu, na meza ya mbao ya sentimita 80 juu yake. Kwa macho ni tofauti ndogo. Kwa umeme ni kubwa, kwa sababu usumbufu wa 195 kHz katika chaja hii husafiri kwa sehemu kubwa kupitia kapasitansi iliyopo kati ya boma lake (ganda lake la nje) na bamba la rejea, na bamba likiwa mbali maradufu kapasitansi hupungua na mkondo nao hupungua. Meza yetu ilikuwa ikiipendelea chaja.

Hili si shaka. Hili ni kosa, na limerekebishwa leo leo: tumesimamisha bamba la mita 2 kwa 2 na kuliunganisha na lile la sakafuni. Somo limepanda hadi 54.2. Karakana yetu nayo sasa inasema chaja imezidi kikomo. Kijana wa stoo aliyetusaidia kubeba bamba ameuliza kwa nini tunafurahi.

Tarehe 26 Februari

Jaribio la kurudia. Kwanza nimepima mara kumi bila kugusa kitu chochote: mkengeuko sanifu 0.1 dB. Ni namba nzuri isiyo na faida kubwa, kwa sababu hakuna mteja atakayepokea chaja ikiwa imefungwa kwenye meza yetu.

Kisha watu watatu, yaani mimi, fundi wetu wa elektroniki na mwanafunzi aliye katika mafunzo kwa vitendo, kila mmoja amebomoa mpangilio wote na kuupanga upya mara nne, akiwa peke yake chumbani, bila kuona wenzake walivyofanya. Masomo kumi na mawili yametawanyika kwa mkengeuko wa 0.9 dB. Masomo ya mwanafunzi yalikuwa juu ya yangu kwa karibu desibeli moja karibu kila mara, na ilinichukua muda kuona sababu. Mimi huweka betri juu ya ubao. Yeye aliiweka moja kwa moja juu ya bamba la sakafuni, na waya wa betri ukalala juu ya chuma kwa urefu wa mkono mzima. Hakuwa amekosea, mimi sikuwa nimeandika popote betri ikae wapi.

Mchana tumechora kila kitu mezani kwa utepe wa rangi: mahali pa miguu ya chaja, njia ya waya wa umeme, jinsi ziada yake inavyokunjwa, na kisanduku cha mbao cha betri chenye urefu uliopimwa. Tumeongeza masharti mawili. La kwanza, betri iwe kati ya asilimia 30 na 50, ambapo chaja hutoa mkondo wake wote. Ikikaribia kujaa mkondo hupungua na usumbufu nao hupungua, jambo ambalo huenda lilitudanganya siku za mwanzo. La pili, volti ya soketi iwe kati ya 225 na 235. Jioni, mtaa mzima ukiwasha vyombo vyake, tumeshaona 208, na chaja huvuta mkondo mkubwa zaidi ili kutimiza wati zile zile. Somo hupanda kwa zaidi ya nusu desibeli. Vilevile, kabla ya kila kipimo mandhari hupimwa chaja ikiwa imezimwa, kwa kuwa jirani yetu huchomelea vyuma na LISN haizuii kila kitu.

Tumerudia tena mara kumi na mbili kwa masharti hayo. Mkengeuko umeshuka hadi 0.4 dB.

Tarehe 3 Machi

Tumeanza kugusa filta, yaani kichujio cha usumbufu ndani ya chaja, na hapa nimeona faida ambayo sikuitegemea. Kuna maswali mawili tofauti, na kila moja lina shaka lake. Swali la kwanza ni kama chaja iko chini ya kikomo. Hapo shaka lote linahusika, vifaa pamoja na mpangilio, yaani 1.70 na 0.4 kwa vipeo, ambayo ni 1.75 dB. Swali la pili ni kama badiliko tulilofanya limesaidia. Katika swali la pili LISN ni ile ile kabla na baada, kichanganuzi ni kile kile, kebo ni ile ile, na kosa lolote walilonalo limeingia katika masomo yote mawili kwa kiasi kilekile na kufutana katika tofauti. Kinachobaki ni mtawanyiko wa kupanga upya tu: 0.4 mara kipeuo cha pili cha 2, kisha mara 2, ni kama 1.1 dB.

Kwa kipimo hicho, kuongeza kapasita za kwenda ethi kutoka nF 2.2 hadi 4.7 kumeshusha somo kwa 0.8 dB, na hatuna haki ya kusema kumesaidia. Tulirudia mara nane kwa kila hali ili kupunguza mtawanyiko wa wastani. Tofauti imetoka 0.7 na shaka lake 0.4, kwa hiyo kweli kumesaidia, kidogo. Hata hivyo nimelikataa badiliko hilo kwa sababu nyingine. Kila kapasita ya 4.7 kwenye volti 230 hupitisha kama mA 0.34 kwenda kwenye waya wa ethi, na nimeingia katika majengo mengi mno ambako waya huo umeishia ndani ya soketi bila kufika ardhini. Mtu atakayegusa boma la chaja huko ataisikia kwenye vidole.

Koili mpya ya filta, yenye indaktansi karibu maradufu ya ile ya zamani, imeshusha somo kutoka 54.2 hadi 49.0. Desibeli 5.2 dhidi ya shaka la 1.1 hazihitaji mjadala.

Tarehe 5 Machi

Tumejiwekea lengo la ndani. Tukitaka uwezekano wa asilimia 95 kwamba thamani ya kweli iko chini ya kikomo, na tukiangalia upande mmoja tu kwa kuwa kuwa chini sana si kosa, tunazidisha 1.75 kwa 1.64 na kupata 2.9 dB. Kwenye meza hii, somo la 195 kHz lisizidi 50.9. Tumefanya hesabu hiyo kwa vilele vitano vikubwa. Kimoja, kwenye 325 kHz, kina akiba ya 3.3 tu na nimekiwekea alama.

Tarehe 11 Machi

Chaja moja iliyopimwa vizuri ni chaja moja tu. Kwa bidhaa zinazotengenezwa kwa wingi CISPR hutumia kanuni ya asilimia 80 kwa 80: angalau asilimia 80 ya zinazotengenezwa ziwe chini ya kikomo, kwa uhakika wa asilimia 80. Tumechukua tano kutoka kundi la kwanza, nasi tulizichagua kwa kufumba macho kwenye boksi, maana fundi angeachiwa angechagua zilizofungwa vizuri waya zake. Masomo ni 48.3, 49.0, 49.8, 48.5 na 49.2. Wastani ni 49.0, mkengeuko sanifu 0.6. Kwa sampuli ya tano mkengeuko huo huzidishwa kwa 1.52 na kujumlishwa kwenye wastani, tunapata 49.9 dBµV, chini ya lengo letu la 50.9 na chini kabisa ya kikomo.

Ndani ya 0.6 hiyo umo mtawanyiko wetu wenyewe wa 0.4. Tofauti halisi kati ya chaja na chaja ni ndogo zaidi, karibu 0.45, lakini sitaitoa, kwa kuwa sampuli ya tano ni ndogo mno kwa usafi wa namna hiyo.

Tarehe 20 Machi

Chaja ya tano, iliyosoma 49.2 kwetu, imerudi kutoka maabara ile ile ya nje. Kwenye 195 kHz wamesoma 50.1. Imepita mahali pote, na 325 kHz imepita kwa akiba ya 2.6.

Tofauti kati yetu na wao sasa ni 0.9 dB, na mashaka yetu mawili yakiunganishwa ni 4.7. Nimeona hata hivyo kwamba wao wako juu yetu mara hii pia, kwa 0.9 ile ile iliyobaki tarehe 24 Februari baada ya kusimamisha bamba, 55.1 dhidi ya 54.2. Mara mbili kwa upande mmoja na kwa kiasi kimoja haionekani kuwa mtawanyiko. Ninashuku impidensi ya LISN, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika bajeti na ambayo hatujaipima wenyewe. Tumeichukua kwa uvumilivu wote unaoruhusiwa na kiwango. Nimeomba tupewe kichanganuzi cha mtandao (kifaa cha kupimia impidensi) kwa siku mbili ili tuipime kwenye 195 kHz, ukubwa na pembe. Ikionekana iko chini ya kiwango kwa asilimia 10 au zaidi, sehemu ya shaka letu itageuka kuwa kosa, na tutaitoa kwenye bajeti na kuiingiza kwenye jedwali la marekebisho.

Usumbufu unaosafiri hewani, kuanzia 30 MHz kwenda juu, haujaanza. Huko shaka la rejea ni 6.3 dB, na eneo la kupimia peke yake linaruhusiwa kuyumba kwa 4 dB kwenda kila upande. Hatutajaribu kwenye ua wa karakana. Kipunguzi cha 10 dB kinakwenda ugezini Jumatatu.